Diski ikigonga, tusiseme tu kwamba "inapiga kelele"

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nieleze jambo linalowapotezea wananchi wengi kumbukumbu zao za kazi na za familia, nalo ni namna tunavyozisikia diski ngumu za kompyuta zinapoanza kuharibika, na zaidi ya hapo, namna tunavyoshindwa kuyaeleza yale tuliyoyasikia. Ninatengeneza kompyuta hapa Tanga kwa mwaka wa 17 sasa, na simu ninazopigiwa mara nyingi kuliko zote huanza kwa maneno yale yale: "Fundi, mashine yangu inapiga kelele." Nikiuliza ni kelele ya namna gani, mteja hunyamaza kidogo, kisha hunijibu kwamba ni kelele tu, na kabla sijauliza swali la pili nasikia upande wa pili wa simu anaiwasha tena ili nami nisikie.

Huko kuiwasha tena ndiko kulikonifanya nishike kalamu. Diski nyingi zinazofika mezani kwangu zikiwa zimekufa kabisa hazikufa siku mlio ulipoanza. Ziliuawa katika siku zilizofuata, kwa kuwashwa na kuzimwa na watu waliokuwa na nia njema ya kuhakikisha, kuonyesha, kusikilizisha wenzao, au kujaribu bahati kwa mara ya mwisho.

Kiswahili hakijawahi kupungukiwa maneno ya sauti. Mnunuzi wa chungu sokoni hukigonga kwa kucha na kwa mlio wake akatambua ufa ambao jicho halikuuona. Muuza nazi huitikisa karibu na sikio kabla ya kukutajia bei. Fundi wa magari huweka ncha ya bisibisi kwenye injini na mpini kwenye sikio lake, akakwambia ni beringi ipi imekwisha. Sisi tunaozungumza lugha yenye kugonga na kugota, kukwaruza na kuchakacha, kuvuma na kunguruma, hatuna sababu ya kuiita kila sauti ya kompyuta "kelele", kwa kuwa katika diski ngumu tofauti ya neno moja na jingine ni tofauti ya ugonjwa mmoja na mwingine, na mara nyingi ni tofauti ya kumbukumbu zilizookolewa na zilizopotea.

Ndani ya diski ngumu mna sahani moja au zaidi, za alumini au za kioo, zilizopakwa utando mwembamba wa sumaku. Sahani hizo huzungushwa na mota, na katika diski nyingi za majumbani na maofisini mwendo wake ni mizunguko 5,400 au 7,200 kwa dakika. Diski ya kompyuta ya mezani inayokwenda mizunguko 7,200 huzunguka mara 120 katika kila sekunde, na ukingo wa sahani yake hukimbia zaidi ya kilomita 120 kwa saa, mwendo ambao hakuna basi la abiria linaloruhusiwa kwenda nao katika barabara zetu. Juu ya sahani inayokimbia hivyo huelea kichwa cha kusomea na kuandikia, kilichobebwa kwenye ncha ya mkono mwembamba wa chuma. Nafasi iliyopo kati ya kichwa na sahani ni nanomita chache tu, ilhali unywele mmoja wa mtu una unene wa makumi ya maelfu ya nanomita. Kichwa hakiigusi sahani hata kidogo, bali hubebwa na hewa inayovutwa na mzunguko wenyewe, na siku kitakapoigusa ndiyo siku ya maafa.

Kwa hiyo sauti za kisanduku hicho zina vyanzo viwili vikubwa, yaani kile kinachozunguka na kile kinachoyumba. Mota na sahani hutoa mvumo wa chini usiobadilika. Mkono na vichwa hutoa milio mifupi mifupi juu ya mvumo huo. Anayetaka kuujua ugonjwa wa diski hana budi kuzitenganisha sauti hizi mbili katika sikio lake, kama mchezaji wa ngoma anavyotenganisha vumi na chapuo hata zikipigwa pamoja. Wengi husikia chapuo peke yake kwa sababu ndiyo inayoshtua, wakaisahau vumi, na vumi ndiyo inayoeleza zaidi.

Diski nzima nayo haikai kimya. Ukiiwasha, mvumo hupanda kwa sekunde chache hadi ukatulia kwenye kimo kimoja, kisha husikika tik ndogo ya vichwa vikitoka kwenye egesho lao na kuingia juu ya sahani, na baada ya hapo, mashine ikiwa kazini, husikika mchakacho mwepesi usio na mpangilio, kama wa mtu anayepepeta mchele katika chumba cha pili. Ukiizima, vichwa hurudi egeshoni kwa mlio mmoja wa tak. Yote hayo ni afya. Nayaeleza kwa sababu wapo wateja wanaoniletea diski zisizo na kosa lolote: kampuni ya Western Digital, kwa mfano, ilitoa diski za aina ya Green zilizopangwa kuegesha vichwa vyake kila zikikaa sekunde 8 bila kazi, na mwenye nayo akikaa peke yake usiku husikia tik, kimya, tik, kimya, akadhani inakata roho. Mlio wa namna hiyo hauendi pamoja na kukwama kwa kazi. Mafaili hufunguka kama kawaida, na mvumo wa chini hautikisiki.

Mlio wa kugonga ndio unaojulikana zaidi na ndio unaoeleweka vibaya zaidi. Diski inapowashwa, kichwa hulazimika kusoma alama za mwongozo zilizoandikwa kiwandani juu ya sahani, alama ambazo huujulisha mkono mahali ulipo. Ikiwa kichwa kimedhoofika, au uso wa sahani umeumia pale alama hizo zilipo, au zile taarifa za uendeshaji ambazo diski huzitunza juu ya sahani zake yenyewe hazisomeki tena, mkono huyumba kutafuta, hukosa, hurudi hadi ukagota kwenye kizuizi chake, kisha huanza upya. Kila kugota ni ta. Ndiyo maana milio hiyo hulingana kama ya saa ya ukutani: ta, ta, ta, ta, labda mara saba, labda kumi na mbili, kisha diski hukata tamaa na mvumo hushuka. Wamarekani waliupa mlio wa jamaa hii jina la mlio wa kifo katika miaka ya 1990, wakati diski za kuchomeka za Zip zilizotengenezwa na kampuni ya Iomega zilipowasumbua watumiaji wengi hadi kampuni ikashtakiwa mahakamani mwaka 1998. Zile hazikuwa diski ngumu, lakini kisa chake kilikuwa ndugu wa hiki: kichwa kisichoipata njia yake.

Hata hivyo kugonga si hukumu, na hapa nawaomba mafundi wenzangu wanisikilize kwa makini kuliko popote. Diski ndogo ya nje, ile inayotumia waya wa USB peke yake, inaweza kuhitaji karibu ampea 1 inapoanza kuzungusha sahani, ilhali tundu la kawaida la USB 2.0 limewekewa kiwango cha ampea 0.5, na lile la USB 3.0 ampea 0.9. Ongeza hapo waya mrefu mwembamba ulionunuliwa barabarani, au tundu la mbele la kompyuta lililolegea, au kigawanyo chenye flashi nne na kipanya, na diski nzima kabisa itaanza kugonga kwa njaa ya umeme. Miaka michache iliyopita alinijia dada mmoja mpiga picha za harusi, macho yamemwiva kwa kulia, akiwa na diski yenye kazi za msimu mzima, na tayari alikuwa ameambiwa mahali pengine kwamba vichwa vimekufa. Niliiwasha mara moja tu, nikafumba macho, nikasikiliza vumi badala ya chapuo. Mvumo ulikuwa unapanda, unashuka kabla haujatulia, unapanda tena, na kila uliposhuka ndipo mkono ulipogota. Diski yenye vichwa vilivyokufa kwa kawaida haifanyi hivyo. Mvumo wake hupanda na kusimama imara, na kugonga hutokea juu ya mvumo uliotulia. Nilibadilisha waya nikatumia mfupi mnene, nikachomeka katika tundu la nyuma ya kompyuta ya mezani, na diski ikafunguka. Hatukusherehekea kwanza. Tulinakili kila kitu kwenye diski nyingine siku ile ile, na waya wa zamani nikaukata kwa mkasi mbele yake.

Kukwaruza ni habari nyingine kabisa, na sitaki kuieleza kwa upole. Ukisikia kwaru, au mkereketo kama wa jiwe la kunolea kisu, au msuguano unaokuja na kuondoka kwa kila mzunguko, basi kichwa kimeigusa sahani na kinakwangua ule utando wa sumaku ambao ndio picha zako, hesabu zako na barua zako. Unga unaokwanguliwa haukai mahali pamoja. Hurushwa ndani ya kisanduku kizima, ukaingia chini ya vichwa vingine vilivyokuwa vizima na kuviharibu navyo. Hapa hakuna kubadilisha waya, hakuna kujaribu tundu jingine, hakuna kungoja kompyuta ijizime kwa utaratibu wake; chomoa umeme. Kwa kawaida nawakataza watu kuzima mashine kwa kuchomoa, lakini kwa mlio huu kila sekunde inayopita ni mamia ya mafaili yanayogeuka vumbi.

Upo pia mlio wa pii, au wakati mwingine nyii-nyii-nyii hafifu, ambao wateja hudhani ni kengele iliyowekwa na kiwanda kutoa onyo. Diski ngumu haina spika. Mlio huo ni mota inayojaribu kuzunguka na kushindwa, ama kwa sababu vichwa vimenatia juu ya sahani, ama kwa sababu mhimili umekwama. Nauona hasa katika kompyuta za mkononi na diski za nje zilizoanguka zikiwa kazini: mkono haukuwahi kurudi egeshoni, vichwa vikalala juu ya sahani iliyosimama, na nyuso mbili laini kiasi hicho zikigusana hushikana kama vioo viwili vyenye maji katikati. Ukiweka kidole juu ya kisanduku utahisi mpapatiko mdogo, lakini hutahisi ule mtetemo laini wa kitu kinachozunguka. Habari ya faraja ni kwamba sahani za diski ya namna hii mara nyingi bado ni nzima, na mtaalamu mwenye vifaa na chumba kisichopenya vumbi anaweza kuvirudisha vichwa egeshoni. Habari ya huzuni ni kwamba watu wengi husikia pii, wakaigonga diski kwa mpini wa bisibisi ili "ijiachie", na vichwa hujiachia kweli, vikiwa vimeng'oka kwenye mkono. Chungu hugongwa ili kisikilizwe. Diski haigongwi kwa sababu yoyote ile.

Kuhusu mbinja nyembamba ya muda wote sina mengi. Diski za zamani, kabla ya beringi za mafuta kuenea mwanzoni mwa miaka ya 2000, zilikuwa na beringi za gololi na nyingi zilipiga mbinja kwa miaka bila kufa. Kinachopaswa kukushtua ni badiliko, yaani diski iliyokuwa kimya mwaka jana na sasa inaimba.

Kimya kinastahili maneno zaidi, kwa kuwa ndicho kinachowakatisha watu tamaa upesi kuliko sauti zote, ilhali mara nyingi ndiyo hali yenye matumaini zaidi. Diski ambayo haivumi, haigongi wala haipapatiki hata kidogo, mara nyingi haijaumia sahani wala vichwa, bali bodi yake ya umeme. Hapa kwetu kisa cha kawaida ni chaja. Mtu ana diski kubwa ya nje inayotaka volti 12, chaja yake imepotea, akaona chaja ya laptopu ya volti 19 ina pini inayoingia, akaichomeka. Bodi nyingi zina kidubwasha kidogo cha ulinzi ambacho hujitoa mhanga hapo hapo kwa kushoti ili sehemu nyingine zipone, na fundi wa elektroniki anayejua kazi yake hukitambua kwa kipimo chake. Anayetaka kubadilisha bodi nzima aelewe kwamba katika diski za miaka hii haitoshi kutafuta bodi inayofanana kwa namba, kwani kila bodi hubeba chipu yenye vipimo vya diski yake peke yake, na chipu hiyo lazima ihamishwe kwenda bodi mpya. Nimeletewa diski zilizokuwa kimya kitulivu, zikabandikwa bodi ya diski nyingine na mtu mwenye haraka, na zikaanza kugonga.

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini tutegemee masikio wakati diski zenyewe zina mfumo wa kujichunguza uitwao SMART, unaoweza kusomwa kwa programu ya bure. Mimi nausoma kila siku, na naupenda. Hesabu ya sekta, yaani vipande vidogo vya sahani vinavyotunza kumbukumbu, zilizohamishwa na ya zile zinazosubiri kuhamishwa ikianza kupanda, sihitaji mlio wowote kumwambia mteja anunue diski nyingine. Lakini mwaka 2007 watafiti watatu wa Google, Eduardo Pinheiro, Wolf-Dietrich Weber na Luiz André Barroso, walichapisha uchunguzi wao wa diski zaidi ya 100,000, wakaeleza kwamba zaidi ya nusu ya diski zilizokufa hazikuwa zimeonyesha hata moja ya dalili nne za SMART walizoziona kuwa na nguvu kuliko nyingine. Katika uchunguzi huo huo, diski iliyopatwa na kosa la kwanza la ukaguzi wa sahani zake ilikuwa na uwezekano mara 39 zaidi wa kufa ndani ya siku 60 kuliko isiyopatwa. Navitaja vyote viwili kwa pamoja kwa sababu mafundi hupenda kutaja kimoja tu. Dalili ikijitokeza, iaminiwe mara moja; isipojitokeza, isichukuliwe kuwa cheti cha afya. Sikio nalo liko hivyo hivyo. Zipo diski zinazokufa bila kutoa hata tik moja, na zile za kisasa zisizo na sahani, ambazo sasa ndizo zinazokuja ndani ya laptopu nyingi mpya, hazina kitu cha kuzunguka wala cha kugota, kwa hiyo hazitakuonya kwa sauti kamwe. Nakala rudufu haina mbadala katika yote haya, na ninaposifu sikio sisemi kwamba linachukua nafasi yake.

Ninachokisema ni kwamba sikio likisikia, mwenye nalo ajue la kufanya. Simu karibu zote tulizonazo zinarekodi sauti. Siku diski yako inapotoa mlio usiouzoea, zima feni na redio, weka simu karibu na kisanduku bila kukisogeza, rekodi sekunde 20, kisha zima mashine na usiiwashe tena. Rekodi hiyo ndiyo umletee fundi. Nitaisikiliza mara hamsini na diski haitaumia hata mara moja, na nitaweza kuamua kama inafaa kuwashwa kwa jaribio moja la waya mwingine au isiguswe kabisa. Kama mlio ulikuwa wa kukwaruza, usirekodi chochote. Zima, na uukariri kwa maneno.

Kwa diski inayogonga kidogo lakini bado inasomeka, kazi ni moja tu: kuinakili yote, sekta kwa sekta, kwenda kwenye diski nzima isiyo ndogo kuliko hiyo, kwa programu iliyoandikwa kwa hali hiyo, kama ile ya bure iitwayo ddrescue, ambayo huchukua kwanza sehemu zinazosomeka kwa urahisi, huziandika kwenye ramani zile zilizogoma, na huzirudia mwishoni bila kuianza safari upya. Baada ya hapo kila jaribio hufanywa juu ya nakala. Nasikitika kuandika kwamba wapo wenzetu ambao, wakiletewa kompyuta inayogonga na kuganda, dawa yao ya kwanza ni kupiga Windows upya juu ya diski ile ile, au kuiachia programu ya kurekebisha makosa ikisage sahani usiku kucha. Mteja huondoka na mashine inayowaka, anamshukuru mwenzangu, na baada ya wiki mbili hana mashine wala mafaili.

Lipo pia lile la friji, ambalo limezunguka katika simu za watu kwa miaka na haliishi. Diski huingizwa kwenye friza usiku mmoja kwa imani kwamba baridi itavirudisha vichwa mahali pake. Chupa ya soda ikitolewa kwenye friji hapa Tanga hutoka jasho kabla hujaifungua. Kisanduku cha diski kina tundu dogo la kupumulia, na unyevu huo huo hutua juu ya sahani ambazo kichwa kinatakiwa kuelea nanomita chache juu yake. Tone lisiloonekana kwa jicho ni mlima mbele ya kichwa hicho.

Nimalizie kwa tukio lililonifanya nione kwamba tatizo letu si la mafundi peke yao. Mwaka uliopita niliitwa katika shule moja ya sekondari, ambayo sitaitaja, kutazama kompyuta ya ofisi iliyokuwa imebeba alama za wanafunzi za miaka minne. Hakukuwa na nakala. Nilipofika mashine ilikuwa haiwaki kabisa, na nilipoichomeka diski yake kwenye kifaa changu ilitoa mkwaruzo mmoja uliotosha kunifanya niizime kabla ya kuhesabu tatu. Niliwaeleza gharama ya kuipeleka kwenye maabara yenye chumba kisafi, na kwamba hata huko sikuona tumaini. Baada ya vikao kadhaa waliamua kuiacha, wakaniruhusu niifungue ili nijifunze. Sahani ya juu ilikuwa na pete iliyochimbwa kuuzunguka mhimili wote, ikimeta kama bati jipya mahali palipopaswa kuwa na kiza laini, na kila kona ya kisanduku ilikuwa na unga wa kijivu.

Karani wa ofisi ile, mama mtu mzima ambaye hajawahi kusomea kompyuta, aliniita pembeni akanionyesha daftari lake la mahudhurio. Pembezoni mwa kurasa, kwa penseli, alikuwa ameandika kwa wiki tatu yale aliyoyasikia kila asubuhi. Siku ya kwanza: "Imegonga ta ta ta mara sita ikanyamaza, nikaiwasha tena ikafunguka." Siku ya nne: "Imegonga mara kumi na moja, imefunguka mara ya tatu." Wiki ya pili aliandika kwamba alimweleza mkubwa wake na akajibiwa kwamba ni feni, mashine imezeeka, aiwashe tu mpaka ikubali. Wiki ya tatu: "Haigongi tena, sasa inakwaruza." Mimi mwenye bisibisi na vipimo nisingeweza kuandika taarifa iliyo bora kuliko ile. Katika siku zote za wiki ya kwanza, diski ile ilikuwa bado inasomeka, na fundi yeyote mwenye diski ya pili angeweza kuyatoa mafaili ya alama kwa mchana mmoja. Kwa hesabu ya daftari, iliwashwa mara 43 baada ya mlio wa kwanza.

Kwa hiyo ombi langu kwako, Ndugu Mhariri, ni kwamba gazeti lako liyachapishe maneno haya ya milio katika ukurasa wake wa teknolojia, kwa herufi kubwa zinazoweza kukatwa na kubandikwa ukutani karibu na kompyuta ya ofisi: kugonga, kukwaruza, pii, mbinja, kimya, na mbele ya kila neno kitendo kinachofuata. Ninazo katika simu yangu rekodi 14 za diski wagonjwa nilizozikusanya kwa idhini ya wenyewe, na niko tayari kuzileta ofisini kwenu ili mwandishi atakayeifanya kazi hiyo azisikie mwenyewe kabla hajaandika. Na kwa wakuu wa ofisi naomba jambo dogo zaidi: karani akija kusema kwamba mashine imegonga mara sita, aulizwe zilikuwa sita au saba, na mashine ibaki imezimwa wakati anajibu.

Wako,
Fundi wa kompyuta,
Tanga.